Namna ya Kuisoma Ngao ya Taifa Kuanzia Mlimani

Watanzania wengi huiona Ngao ya Taifa mara kwa mara, kwenye jalada la pasipoti au juu ya barua ya serikali, na mitaani wameizoea kwa jina la Bibi na Bwana. Lakini ukiwauliza wawili hao wameshika nini, wengi watakujibu kwamba wameshika ngao. Walichoshika ni pembe za ndovu. Kosa hilo linatokana na mazoea ya kurukia katikati ya nembo, ilhali mchoro wenyewe umepangwa ardhi ikiwa chini, watu wakiwa juu yake, na ngao ikiwa kati yao. Tafuta chapa kubwa yenye rangi, kwa sababu kwenye mhuri mimea hugeuka madoa ya wino, kisha anza chini.

Chini kabisa kuna Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Usiupite kana kwamba ni pambo la mandhari. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi, aliufikisha mwenge na bendera ya nchi mpya kileleni, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepaita kwa jina la mfalme wao na ambapo leo panaitwa Uhuru. Kwa hiyo mlima huu una habari yake, na habari hiyo haijaisha hapo chini. Iweke akilini hadi utakapofika juu ya ngao.

Sasa tazama miguuni mwa watu, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Miguuni mwa bwana pana mkarafuu, na miguuni mwa bibi pana mpamba. Mpamba utautambua kwa weupe wa vitumba vilivyopasuka. Mkarafuu ni mgumu zaidi kuutambua, kwanza kwa kuwa mchoraji amelazimika kuufupisha mti mrefu uwe kichaka, na pili kwa kuwa karafuu huchumwa ua likiwa bado halijachanua, hivyo hakuna ua la kukuvutia macho. Mkarafuu ni wa Unguja na Pemba, ulikostawi tangu karne ya 19. Pamba ni ya bara, hasa Usukumani. Mimea hiyo miwili ikisimama juu ya ardhi moja, umekwisha kuuona Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 kabla hujasoma neno lolote.

Pembe za ndovu, kwa maoni yangu, ndizo sehemu nzito kuliko zote. Mtu anaweza kuridhika kusema kwamba zinawakilisha wanyamapori, na hatakuwa amekosea, lakini atakuwa ameiacha historia nje. Katika karne ya 19 pembe zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa kwenda Unguja, na njia hizo hizo zilipitisha pia watumwa. Tangu CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipoamua mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe, kitu kilichokuwa mali kimekuwa kitu cha kulindwa. Mchoro haujabadilika, anayebadilika ni msomaji, na ni vyema ayaone yote mawili.

Ukifika kwenye ngao, badili mwelekeo usome kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya kwanza ni ya dhahabu, yaani madini, na juu yake unawaka mwenge, ule ule uliouacha mlimani. Ya pili ni bendera, ambamo kijani kilichotoka Tanganyika kimekutana na buluu iliyotoka Zanzibar. Ya tatu ni nyekundu, rangi ya udongo wenye rutuba, ikiwa na shoka na jembe vilivyopishana pamoja na mkuki. Zana hizo hazihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kulima. Ya nne ni mawimbi ya bahari na maziwa.

Maneno “Uhuru na Umoja” yasome mwisho. Ukiyasoma mwanzoni ni kaulimbiu tu. Ukiyasoma baada ya mlima na mwenge, mimea na bendera, kila neno linakuwa na kitu cha kuonyeshwa kwa kidole.

Ili kujipima, tumia utaratibu huo kwa nembo ya Kenya. Hapo pia ngao inasimama juu ya mlima, Mlima Kenya, wenye mazao ya kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na nanasi. Pareto, ua linalotengenezewa dawa ya kuua wadudu, ambalo kijana wa leo anaweza kulidhani ua la bustani tu, liliwahi kuifanya Kenya iongoze duniani kwa kulizalisha. Simba wawili wanashikilia ngao, na ndani yake yumo jogoo mweupe aliyekamata shoka. Maelezo ya kawaida ni kwamba jogoo huyo anatangaza mapambazuko mapya, lakini jogoo alikuwa pia alama ya chama cha KANU, kilichoiongoza nchi wakati wa uhuru. Unapoandika maelezo yako, yaweke yote mawili.