Somo: Kurudisha utofauti wa vinasaba katika shamba la agave

Ukiona shamba la agave ya buluu, mmea wa jamii ya mkonge, limenyooka mistari hadi upeo wa macho, usihesabu mimea kwanza. Uliza imetokana na mama wangapi. Tequila ni pombe kali ya agave, na sheria ya Meksiko inaruhusu agave moja tu kwa kuitengeneza, Agave tequilana aina ya buluu. Wakulima wa jimbo la Jalisco huipanda kwa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mmea mkubwa. Mlingoti wa maua ukianza tu kuchomoza hukatwa ili sukari ibaki kwenye kiini. Basi mbegu hazipatikani, na vinasaba vilevile hurithishwa miaka nenda rudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kuvu wa Fusarium na bakteria wa kuozesha walishambulia mashamba hayo vibaya, kwa kuwa udhaifu wa mmea mmoja ulikuwa wa jirani zake wote.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho. Andika kila mstari wa miche ulitoka wapi. Machipukizi mia ya mama mmoja yahesabu kuwa mmea mmoja. Ukiweza kupima alama za vinasaba maabara, vizuri sana. Usipoweza, daftari la asili ya miche linatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Acha baadhi zichanue. Hapa ndipo wengi wanaposita, nami nawaelewa, maana agave nyingi huchanua mara moja kisha hufa, na mmea uliochanua hauna sukari ya kuvuna. Lakini bila maua hakuna mchanganyiko mpya. Meksiko kuna mpango wa vinywaji rafiki kwa popo unaowataka wakulima waache takriban asilimia 5 ya mimea ichanue. Popo wa jenasi ya Leptonycteris hunywa nekta usiku na kubeba chavua mbali kuliko mkono wako utakavyofika. Chagua mimea yenye asili tofauti. Mimea kumi ya asili kumi ina faida kuliko mia ya asili moja.

Hatua ya 3: Chavusha kwa mkono pale popo wasipofika. Katika ua la agave sehemu za kiume hukomaa kwanza. Ncha ya kike huwa tayari baadaye. Kwa hiyo:

- Kusanya chavua ya baba mara vifuko vyake vinapopasuka. Ikaushe kivulini, ifunge kwenye karatasi, uiweke ndani ya chupa kavu kwenye jokofu.
- Kwenye mmea mama, ondoa vifuko vya chavua kabla havijapasuka.
- Ncha ya kike ikianza kunata na kung'aa, ipake chavua kwa brashi laini.
- Tumia baba mmoja kwa kila tawi, na ufunge lebo. Ukichanganya chavua za mababa wengi hutajua kamwe mche upi ni wa nani.

Hatua ya 4: Mbegu na kitalu. Vuna matunda yanapokauka, kabla hayajafunguka. Mbegu nyeusi ndizo zenye uhai. Nyeupe ni tupu. Tandaza juu ya mchanga mwepesi, zipate joto na unyevu bila kutuama maji.

Hatua ya 5: Usichuje kupita kiasi. Kitalu kitakuwa na miche mikubwa na midogo. Ukibakiza minene tu, huenda ukabaki na watoto wa mama mmoja, na kazi yote ikawa bure. Bakiza miche kadhaa ya kila mama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, machipukizi yangu hayafanani majani. Si utofauti huo?*
Mara nyingi ni udongo, maji au kivuli. Mabadiliko ya vinasaba hutokea hata kwenye machipukizi, ila ni machache. Yapande pamoja kwenye udongo mmoja. Tofauti ikidumu, hapo una kitu cha kufuatilia.

*Na mkonge wa nyuzi je?*
Mkonge huo, Agave sisalana, una seti tano za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), idadi isiyogawanyika sawa kwa mbili, ndiyo maana huzaa mbegu kwa nadra. Huenezwa kwa machipukizi na vitoto vya kwenye mlingoti. Watafiti wa Tanganyika walichanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, kisha wakarudisha uzao kwa amaniensis, wakapata chotara 11648 mwenye majani mengi. Lakini naye huenezwa kama kloni, yaani nakala za mmea mmoja, na ugonjwa wa zebra unaoletwa na Phytophthora humsumbua sana. Kuchanganya mara moja kisha kunakili milele hakuondoi tatizo.

*Naweza kuchavusha agave ya buluu kwa spishi nyingine?*
Kibayolojia inawezekana kwa baadhi, lakini uzao huo hautaruhusiwa kutengenezea tequila. Kwa tequila, changanya mimea ya buluu yenye asili tofauti. Mezkali, pombe nyingine ya agave, ina nafasi pana zaidi, kwani hutumia spishi nyingi.

*Ndugu, nichukue mbegu porini?*
Chukua kidogo kidogo kutoka mimea mingi, na uache sehemu kubwa palepale. Agave potatorum na Agave cupreata hutegemea mbegu ili kuzaana. Ukizimaliza, hakuna chipukizi litakaloziba pengo. Ukipata miche ya kutosha, rudisha mingine pale ulipochuma mbegu, wala usiihamishie bonde jingine lenye agave zake.