Somo: Kukagua seti ya ndege ya plastiki kabla hujashika gundi

Salamu wadau. Somo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Niliwahi kupokea hapa Kigoma seti ya vipande vya kuunga mfano mdogo wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, iliyokuja na treni kutoka Dar. Kwa furaha nikakata vipande usiku uleule na kupaka gundi. Asubuhi naitazama mezani, bawa la kushoto limepinda. Lilipinda tangu kwenye boksi, mimi sikulitazama. Kurudisha ikashindikana, maana nilishakata vipande. Tangu hapo sishiki gundi kabla ya ukaguzi huu.

Hatua ya 1: Boksi weka pembeni
Picha ya juu kachora msanii, haikutoka kwenye kalibu, yaani umbo la chuma linalomiminiwa plastiki. Hata mwaka ulioandikwa pale ni wa boksi. Kalibu moja huzalisha miaka 30 au 40, inabadilishiwa boksi na stika tu. Tafuta mwaka uliochongwa kwenye plastiki yenyewe, mara nyingi ndani ya bawa. Airfix, kampuni ya seti ya Uingereza, walitoa Spitfire yao ya kwanza ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) mwaka 1953, na baadaye wakaitengeneza upya zaidi ya mara moja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "Spitfire ya Airfix", bado hajakwambia kitu.

Hatua ya 2: Pima
Spitfire ya kawaida ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Gawanya kwa 72, unapata sentimita 15.6. Rula ya shule inatosha. Ikipungua milimita moja, endelea. Ikipungua nne, hapo ndege halisi imepoteza karibu sentimita 29.

Kisha tazama umbo, na hapa usiwe na haraka. Bawa la Spitfire limeviringa kama yai refu. Weka picha iliyopigwa kutoka juu, linganisha mkunjo kwa mkunjo. Mimi umbo nalipa uzito kuliko chochote. Mwanya utazibwa na puti, mstari wa maungio ya mabati utachongwa upya, lakini pua iliyonenepa itabaki imenenepa hadi mwisho.

Hatua ya 3: Plastiki yenyewe
Inamisha kila fremu, ile inayoshikilia vipande, kwenye mwanga wa dirishani. Ngozi nyembamba iliyochuruzika pembeni mwa vipande inaonyesha kalibu imechoka au haikubana vizuri. Mabonyeo hutokea pale plastiki ilipo nene, kwa sababu inasinyaa ikipoa. Alama za duara ni za pini zinazosukuma kipande kitoke kwenye kalibu: zikiwa ndani ya mwili wa ndege hazina shida, zikiwa usoni mwa mguu wa tairi ni kazi ya msasa.

Ukingo wa nyuma wa bawa nao uguse. Ukiwa na unene wa milimita moja, kwenye ndege halisi hiyo ni sentimita 7.2. Hakuna ndege ya kivita yenye ukingo mnene hivyo.

Hatua ya 4: Unga kikavu
Hapa ndipo seti nyingi zinapoumbuka. Kata nusu mbili za mwili na mabawa tu, safisha vikonyo vilivyobaki pale vipande viliposhikana na fremu, funga kwa mkanda wa karatasi bila gundi. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukikwama, upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Kagua zaidi shina la bawa, pale linapokutana na mwili, kisha shika ndege usawa wa macho uitazame kwa mbele: mabawa yote mawili yapande sawasawa. Ukilazimika kubana kwa nguvu ili yakae, gundi ikikauka yataachia.

Hatua ya 5: Kioo na stika
Kioo cha rubani kiweke juu ya gazeti. Kama kichwa cha habari kinasomeka bila kupinda, kiko vizuri. Stika, angalia kama rangi zimekaa juu ya nyeupe yake bila kuhama.

MASWALI YA WANACHAMA

Kiloleni, Tabora: Mkuu, bawa likishapinda ndiyo basi?
Hapana ndugu yangu. Lizamishe kwenye maji ya moto, yasiyochemka, lipinde taratibu kuelekea upande wa pili, kisha libane juu ya kipande cha kioo mpaka lipoe. Maji yanayochemka yataliharibu.

Ujiji: Yangu ina mistari iliyotuna badala ya kuchongwa. Niitupe?
Usiitupe. Seti nyingi za zamani ziko hivyo. Kama umbo ni sahihi, sugua na uchonge upya.

Gungu: Ndege yangu ya gurudumu la mbele inakalia mkia.
Inataka uzito puani kabla hujafunga mwili. Nenda Kibirizi kwa wavuvi, omba chubwi dogo la risasi. Lifunge kwa gundi imara lisicheze.

Ipuli, Tabora: Kuna ndege yenye historia ya huko kwenu?
Ipo, na ningependa sana kuiunga. Juni 1916 Wabelgiji waliruka kutoka upande wa Kongo na ndege zinazotua majini za Short, kampuni ya Uingereza, wakadondosha mabomu hapa Kigoma wakiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ndiyo MV Liemba. Ndege hiyo ya Short ni ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Ukikutana na seti yake, jaribu nguzo zote za kati ya mabawa kikavu kwanza uone kama matundu ya juu na ya chini yanalingana, kisha simamisha maboya yake juu ya kioo. Moja likining'inia, mwambie muuzaji kabla hujakata kipande kingine.