SOMO: Kufundisha sheria za ardhi za mkoloni kwa waraka halisi, kishikwambi na projekta

Walimu wenzangu wa Historia, habari za kazi. Tangu tulipogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, wengi wetu tunavitumia kujaza taarifa na kusoma miongozo, basi. Leo tuvitumie kumwekea mwanafunzi sheria yenyewe ya mkoloni mbele ya macho, aisome na abishane nayo. Mada ya ardhi ikifundishwa kwa notisi za ubaoni tu, inabaki orodha ya miaka ya kukariri.

Hatua ya 1: Chagua vifungu, achana na sheria nzima

Chukua Sheria ya Ardhi ya Tanganyika, Na. 3 ya 1923, vifungu vya 3 na 4. Cha 3 kinatangaza kuwa ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma. Cha 4 kinaiweka chini ya Gavana na kusema itasimamiwa kwa manufaa ya wenyeji, yawe ya moja kwa moja au vinginevyo. Halafu kinamalizia kwamba haki ya kukalia ardhi hiyo si halali bila ridhaa ya Gavana. Yaani babu aliyerithi shamba kwa baba yake amelala mwenye mali, ameamka anahitaji ridhaa ya mtu asiyemjua. Mzizi wa somo uko hapa.

Hatua ya 2: Tafuta waraka

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya Waingereza na ya Wajerumani pia. Yale ya Wajerumani yako kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997. Ukifika, uliza kwanza utaratibu wa kupiga picha. Usiye na nafasi ya kusafiri, tafuta kwenye maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya usimamizi wa Umoja huo, kwa hiyo malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi yalifika huko.

Hatua ya 3: Piga picha inayosomeka

Hapa usiharakishe. Laza karatasi mezani karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu. Zima taa ya kamera, maana inaacha doa jeupe juu ya maandishi. Shika simu iwe sambamba na karatasi. Ukiiinamisha, mistari ya juu inakuwa midogo kuliko ya chini, na kwenye projekta inaonekana vibaya zaidi. Anza na jalada la faili lenye namba yake, ndipo upige kurasa. Picha isiyo na namba ya faili haina ushahidi. Kisha ipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano "1923_Ardhi_kifungu4".

Hatua ya 4: Geuza picha kuwa maandishi

Programu za kusoma maandishi kwenye picha zinaumudu vizuri Kiingereza kilichopigwa chapa. Kijerumani cha zamani ni kazi nyingine. Ukitaka kuonyesha amri ya Kaisari ya 26 Novemba 1895, iliyoifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola, jihadhari: herufi "s" ndefu ya maandishi yale inafanana na "f", na programu huzichanganya. Pitia neno kwa neno.

Hatua ya 5: Darasani

Sentensi moja kwa slaidi moja. Kabla ya kipindi, nenda ukakae dawati la mwisho uone kama inasomeka. Wanafunzi wakishaingia, waache wasome kimya kabla hujaeleza chochote. Kisha waulize: nani ametajwa? Nani anaamua? Mwenyeji anaweza kukataa?

Baada ya hapo leta marekebisho ya 1928, yaliyoitambua haki ya jamii za wenyeji kwa mila zao. Darasa litapumua. Ndipo uwaonyeshe Engare Nanyuki, kwenye ardhi ya Wameru kaskazini mwa Tanganyika, Novemba 1951: Wameru wanaondolewa kwa nguvu, nyumba zinachomwa, ili kupisha ufugaji wa walowezi. Sehemu ya ardhi ile walikuwa wameinunua kwa fedha zao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa. Waache wanafunzi wenyewe wapime kama maneno ya 1928 yaliwalinda Wameru.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shukrani. Shuleni kwetu umeme ni wa kubahatisha. Nifanyeje?

Jibu: Chaji kishikwambi mapema na uhifadhi kila kitu ndani yake, usitegemee intaneti. Chapisha pia kifungu kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila dawati. Somo hili halifi projekta ikizimika.

Swali: Kiingereza cha sheria kinawashinda wanafunzi wangu. Niwape tafsiri ya mashine?

Jibu: Itumie kama rasimu, uisahihishe mwenyewe. Kagua zaidi sehemu ya haki ya kukalia ardhi, kwa sababu mashine huweza kuandika "umiliki" tu, na mwanafunzi akadhani mwenyeji alipewa ardhi moja kwa moja. Weka tafsiri yako chini ya maneno ya asili, yaonekane yote mawili.

Swali: Samahani mkuu, kama ardhi yote ilikuwa ya umma, mbona walowezi wengine walikuwa na hati za kudumu?

Jibu: Swali zuri sana. Sheria ya 1923 haikufuta hati halali zilizotolewa kabla yake, zikiwemo za enzi ya Wajerumani. Umiliki huo wa kudumu ulikuja kuondolewa na sheria ya 1963, baada ya Uhuru, ukageuzwa kuwa ukodishaji wa serikali. Ukipata picha ya hati kama hiyo, iweke kando ya kifungu cha 3, kisha waulize wanafunzi kwa nini karatasi ya mlowezi ililindwa na shamba la babu halikulindwa.

Swali: Wanafunzi wakiiuliza akili mnemba iwafupishie sheria?

Jibu: Waruhusu, ila baada ya kusoma. Kila kundi lichukue muhtasari huo na kuonyesha kwenye waraka ni sentensi ipi inauthibitisha. Kisichoonekana kwenye waraka wakikate kwa kalamu.