Mambo ya kuweka sawa kabla hujaanza kujifunza kwanta

Daftari kwanza. Daftari la karatasi, kurasa 96, na kalamu mbili. Mekanika ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama atomu, elektroni na mwanga, haisomwi kwa macho peke yake. Usipoipitisha mkononi utatazama video mia, na jirani akikuuliza elektroni inafanya nini ndani ya atomu utabaki unapunga mikono hewani.

Tenga saa moja kila siku, saa ile ile. Mimi nachukua saa kumi na moja alfajiri, kabla sijafungua kibanda changu cha sola na simu hapa Busia, Uganda. Video shusha usiku, simu ichaji mapema, maana umeme hauna ahadi na mtu.

Usilipie kozi yoyote kwa miezi sita ya mwanzo. Nenda kwenye vibanda vya fotokopi karibu na shule za sekondari, ulizia noti za fizikia za S.5 na S.6, yaani kidato cha tano na cha sita. Humo mna athari ya fotoelektriki, mna eksirei, mna ngazi za nishati za atomu. Noti za hesabu za madarasa hayo hayo zichukue pia.

Maana hesabu huikwepi. Wapo watakaokwambia kwanta inaeleweka bila hesabu, wanakuuzia hadithi. Kinachotakiwa si kingi: aljebra usiyoiogopa, sini na kosini, vekta, uwezekano wa kurusha sarafu na dadu, na namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha hasi moja ndani yake. Hizo za mwisho watu huziruka kwa sababu zinaonekana kama mchezo wa walimu. Usiziruke. Katika maisha ya kawaida, ukifungua njia ya pili ya kwenda sokoni, nafasi ya mtu kufika sokoni haipungui. Elektroni haifuati hesabu hiyo. Kila njia ina mshale wake, mshale unaozunguka kama mkono wa saa, na mishale ya njia mbili ikielekea kinyume inafutana: mahali elektroni ilipokuwa inafika njia ikiwa moja, haifiki kabisa zikiwa mbili. Mshale huo ndio namba changamano. Max Born alieleza mwaka 1926 kwamba ukichukua urefu wa mshale wa jumla ukauzidisha kwa wenyewe, unapata uwezekano. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake kule Japani walirusha elektroni moja moja kwenye chombo chenye njia mbili. Kila moja iligonga kama nukta. Nukta zilipokuwa maelfu, zilikuwa zimejipanga mistari, na katikati ya mistari pako karibu patupu. Nilipoweza kuuchora ule upatupu kwa mishale, kwenye daftari langu mwenyewe, niliinuka nikamwamsha na mke wangu.

Jipe miezi minne kwa hesabu hiyo. Ukiona inachosha, ongeza wa tano.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika 6.626 × 10⁻³⁴, kwa jouli-sekunde. Ndiyo namba, kwa kipimo cha leo, aliyoileta Max Planck mbele ya wanafizikia wa Berlin tarehe 14 Desemba 1900. Izidishe kwa masafa ya mwanga wowote, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, utapata nishati ya punje moja ya mwanga huo, yaani fotoni. Fanya hesabu hiyo kwa vitu vya nyumbani mpaka mkono uzoee. Redio ya FM kwenye megahezi 100: punje moja ina jouli 6.6 × 10⁻²⁶. Mwanga wa kijani: kama 3.7 × 10⁻¹⁹, yaani zaidi ya mara milioni tano. Balbu ya LED inayotoa wati tatu za mwanga inamwaga fotoni bilioni nane mara bilioni kila sekunde, ndiyo sababu mwanga unaonekana laini, kama unga unavyomwagika kinuni na kuonekana maji. Na zile paneli ninazozifunga juu ya mabati: elektroni ndani ya silikoni inahitaji kama elektronivolti 1.1, yaani jouli 1.8 × 10⁻¹⁹, ili iruke. Fotoni yenye pungufu ya hapo hairushi kitu, hata zije bilioni ngapi. Wateja huniuliza kwa nini paneli ya sola haifanyi kazi kwa joto la sigiri. Jibu liko kwenye namba ya Planck.

Fanya pia majaribio madogo. Tafuta CD kuukuu: mifereji yake imepishana maikromita 1.6, inatosha kuchambua mwanga. Tazama mwanga wa balbu ya LED unavyoakisiwa na uso wa CD, kisha nyunyizia chembe za chumvi kwenye moto wa bluu wa gesi. Ile njano inayoruka ni ya sodiamu, nanomita 589, mahali pale pale kila mara. Kwa nini pale pale? Andika swali hilo, utalijibu ukifika kwenye atomu ya Niels Bohr ya 1913.

Kuhusu pa kuanzia, wengi hufuata miaka: Planck, Einstein 1905, Bohr, de Broglie 1924, halafu Heisenberg na Schrödinger. Si vibaya. Lakini ningekuwa naanza leo, ningeanza na jaribio la Otto Stern na Walther Gerlach, Frankfurt, 1922. Walipitisha atomu za madini ya fedha katikati ya sumaku isiyo sawa pande zote. Fizikia ya zamani ilitarajia doa moja refu lililotapakaa. Wakapata mawili yaliyotengana. Majibu mawili tu, juu au chini, na karibu mambo yote magumu ya kwanta yanaweza kufundishwa kwa majibu hayo mawili.

Sasa maneno. Utasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo tenga kurasa za nyuma za daftari uandike kila neno kwa Kiswahili chako. Neno lililonipoteza mimi ni letu wenyewe: kupima. Ukienda kituo cha afya kupima malaria, vimelea vipo au havipo kabla mtu wa maabara hajainamia darubini. Kupima ni kufunua. Atomu ya Stern na Gerlach haiko hivyo. Chukua zile zilizojibu “juu”, zipitishe kwenye sumaku uliyoilaza ubavu: zinagawanyika kushoto na kulia. Chukua za kushoto, zirudishe kwenye sumaku ya kwanza: lile “juu” limefutika, nusu zinajibu juu na nusu chini. Hapa kupima kunashiriki kulitengeneza jibu. Lakini anayepima si lazima awe mtu, wala hakuna nia yoyote inayohusika. Ukuta, gesi iliyomo chumbani, kipande cha kioo, chochote kinachobaki na alama ya kilichotokea, kinatosha. Mawazo yako hayaendeshi atomu. Liandike hilo kwa wino mwekundu, kwa sababu mimi sikuliandika.

Oktoba 2022 tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger, kwa majaribio yao juu ya chembe zilizofungamana, zile ambazo majibu yake yanalingana hata zikiwa mbali. Nilikuwa na miezi mitano tu katika somo hili. Nilifurahi kana kwamba aliyeshinda ni ndugu yangu, nikamhadithia kila aliyeleta simu kutengenezwa. Mwezi uliofuata, watu fulani walikodi ukumbi mjini wakaja na kile walichokiita mashine ya kwantamu. Unashika kichuma kilichounganishwa na kompyuta, unakaa dakika moja, kinatoka kitabu cha kurasa thelathini kuhusu figo, ini, moyo na hata “sumu” zilizomo mwilini. Bei shilingi 20,000. Shangazi yangu, anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni na anayeishi na kisukari kwa miaka tisa, alipimwa. Kitabu kikasema kongosho lake linaamka. Wakamwambia mawimbi ya dawa za hospitali yanaizuia tiba, wakampa makopo ya unga wa majani, shilingi 450,000.

Kabla ya kulipa alinipigia. “Mwanangu, wewe unayeyasoma haya, hii kwantamu ni ya kweli?”

Nikamjibu kwamba kwanta ni sayansi ya kweli kabisa, shangazi, juzi tu wamepewa tuzo ya dunia. Nikaongeza kwamba chembe za mbali zinaweza kufungamana na kwamba kupima kunabadilisha kinachopimwa. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Yeye alikuwa anauliza kuhusu mashine. Mimi nikajibu kuhusu somo, kwa sababu somo ndilo nililotaka kulizungumza.

Aliacha metfomini, dawa yake ya kisukari, siku hiyo. Baada ya wiki saba alianguka kwenye meza yake sokoni. Sukari ya damu ilikuwa milimoli 27 kwa lita, na chini ya mguu palikuwa na kidonda ambacho hakukihisi kwa sababu ganzi ilishaingia. Alikaa wodini siku ishirini na mbili akapoteza vidole viwili vya mguu. Hakunilaumu. Aliniambia mara moja tu, nilipompelekea chai: “Lakini nilikuuliza wewe.”

Baadaye, mashine hiyo iliporudi mjini, nilienda na daftari. Nikajaza fomu: mwanamke, miaka 62, kilo 80. Nikashika chuma. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nina kilo 61. Kitabu kikatoka na ukurasa mzima wa hali ya mfuko wangu wa uzazi. Nilikaa nje ya ukumbi nikiwaonyesha waliokuwa kwenye foleni. Wachache walirudi nyumbani, wengi walibaki.

Ningekuwa nimesoma kwa mpangilio, namba zingenitosha. Mashine ya hospitali inayotumia kwanta kweli kutazama ndani ya mwili ipo, ni MRI. Inasikiliza viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili. Ili visikike, nyingi zinatumia sumaku ya tesla 1.5, zaidi ya mara elfu ishirini ya usumaku wa dunia, na nyaya za sumaku hiyo zinapozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika mpaka kama nyuzi hasi 269. Mgonjwa analala humo dakika kadhaa bila kutikisika, na mawimbi yanayotumika ni kama megahezi 64, chini kidogo ya redio zetu za FM. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa ili mwili wenye joto, uliojaa atomu zinazogongana, useme kitu kimoja kinachosomeka. Kichuma cha mkononi hakina sumaku, hakina ubaridi, hakina chochote zaidi ya waya. Ningeweza kuuliza maswali matatu kwenye simu: sumaku iko wapi, ubaridi uko wapi, kuna nini zaidi ya waya. Sikuuliza.

Kwa hiyo kabla hujajifunza fungamano, jifunze pia lisichofanya. Chembe mbili zilizofungamana zikipimwa, majibu yake yanalingana kwa namna ambayo John Bell alionyesha mwaka 1964 kuwa haielezeki kwa kudhani kila chembe ilibeba majibu yake tangu mwanzo na kwamba hakuna kinachovuka papo hapo kati yao. Aspect alilijaribu hilo Ufaransa mwaka 1982 kwa fotoni, na utabiri wa kwanta ukathibitika. Lakini huwezi kutuma ujumbe kwa njia hiyo, hata neno moja, wala huwezi kutuma tiba. Mtu akikuletea maji, bangili, kadi ya kubandika kwenye simu au kopo lenye neno kwantamu, mwulize kinapima nini, kwa kizio gani, na namba inabadilika vipi kitu chenyewe kikiondolewa. Mwulize mbele ya watu.

Tafuta mwenzako wa kusoma naye, hata mmoja, hata wa mbali. Usibishane mapema kuhusu tafsiri za kwanta, kama ulimwengu ni mmoja au ni mingi. Utaingia huko bado hujatatua mlinganyo wa chembe ndani ya kisanduku, nao ni wa kurasa mbili tu. Ukikwama siku tatu kwenye ukurasa mmoja, rudi nyuma kurasa kumi, usiruke mbele. Mambo usiyoyaelewa yaandikie orodha yenye tarehe. Ukitumia leza kwa jaribio la unywele mmoja mbele ya mwanga, usiimulike jichoni wala kwenye kioo, za kijani za bei rahisi hasa, na watoto wakiwa karibu iondoe betri. Lala mapema. Mtu akikuuliza jambo la mwili wake, mpeleke kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo, na aende na kadi yake ya dawa.