Tangi la mafuta ya boila linavuja uani: hatua tulizopitia na dada mmoja hapa New Jersey

Dada mmoja wa Tanga, tunasali naye msikiti mmoja, alinipigia simu mwezi wa kwanza. Besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, inanuka kama karakana, na galoni 150 za mafuta zimetoweka ndani ya siku 10 wakati jirani mwenye nyumba kama yake anatumia nusu ya hizo. Nyumba nyingi za zamani hapa zina tangi la chuma lililofukiwa uani, lina mafuta namba 2, ndugu wa dizeli, ya kuendeshea boila inayopasha nyumba joto. Mimi ni fundi wa boila, si mtaalamu wa mazingira. Naandika yale tuliyoyafanya, pamoja na siku mbili nilizompotezea.

Hatua ya 1: Mafuta mengine yasiingie

Ipigie kampuni inayokuletea mafuta, uwaambie wasilete tena mpaka uwaite. Wengi hupiga hesabu ya baridi, wanakisia umebakiwa na kiasi gani, halafu lori linafika lenyewe. Nimeshawahi kukuta lori likijaza tangi huku mwenye nyumba yuko ndani anaongea na mchimbaji kwenye simu.

Kama besimenti ina shimo lenye pampu ya kutolea maji, limulike kwa tochi. Ukiona utando wa rangi rangi juu ya maji, zima pampu, maana itayasukuma mafuta hadi mtaroni. Sakafu ikiwa imelowa usiguse plagi, zima kwenye boksi la umeme.

Hatua ya 2: Jua kinachovuja ni kipi

Tafuta kijiti cha mbao cha kupimia chenye alama za inchi. Tepu ya chuma siitaki, inajikunja chini na kukupa uongo. Nunua pia dawa ya kupaka inayobadilika rangi ikigusa maji. Fungua bomba la kujazia, teremsha kijiti polepole. Nasema polepole kwa sababu chuma kilicho chini ya bomba hilo kimegongwa na vijiti miaka na miaka, na matundu mengi niliyoyaona yalikuwa hapo hapo.

Chagua usiku usio na baridi kali. Zima boila saa 4 usiku, pima, kisha pima tena saa 12 asubuhi kabla hujaiwasha.

Sasa usidanganywe na inchi. Tangi la galoni 550 ni pipa lililolala, kipenyo inchi 48, urefu futi 6. Mafuta yakiwa nusu, inchi moja ni karibu galoni 15. Yakiwa yamebaki inchi 8, inchi moja ni kama galoni 11. Kwa hiyo tangi likiwa nusu, robo inchi ambayo hukuiona vizuri kwa tochi imekuficha zaidi ya lita 14. Pima mara tatu kila safari, na kama unaweza, pima mafuta yakiwa chini, maana huko kijiti kinasema kweli zaidi.

Dawa ya maji ipake kwenye inchi za mwisho. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Yakiwa kidogo ni jasho la chuma tu. Yakiongezeka kila baada ya mvua, na kifuniko cha juu ni kizima, basi maji ya ardhini yanaingia, na tundu linaloingiza maji ndilo linalotoa mafuta.

Kwa dada tulipima usiku mbili. Kijiti hakikusogea hata unywele. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba tangi ni zima, labda watoto wanapandisha joto. Akanijibu: “Kaka, watoto hawakifikii hicho kidude. Au ni jini anayakunywa?”

Nikarudi besimenti kuangalia mabomba, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Yalikuwa mawili, ya shaba: moja la kuvuta, moja la kurudisha. Kwenye mfumo huo pampu huvuta mara nyingi zaidi ya galoni 10 kwa saa, kichomeo kinachoma galoni moja au pungufu, na yanayobaki husukumwa kurudi tangini. Bomba la kurudisha likitoboka chini ya ardhi linamwaga pale tu boila inapowaka, na mimi nilipima boila ikiwa imezimwa! (Bomba la kuvuta likitoboka utajua kwa njia nyingine: linanyonya hewa, kichomeo kinakohoa kisha kinazimika.)

Kwa hiyo pima pia boila ikiwaka. Soma nozeli, kile kidomo cha kichomeo kinachopulizia mafuta, imeandikwa galoni kwa saa. Hesabu dakika ambazo moto umewaka kweli, si muda ambao swichi ilikuwa imewashwa. Nozeli ya dada ilikuwa ya 0.85, kwa hiyo saa 3 za moto zilitakiwa kula galoni 2 na nusu hivi, yaani robo inchi pale yalipokuwa, inchi 8. Kijiti kilishuka nusu inchi.

Hatua ya 3: Mafuta yanyonywe

Wenye leseni na lori lao. Usijaribu kwa pampu ya bustani. Waombe pia tangi la muda la juu ya ardhi ili boila iendelee kuwaka.

Hatua ya 4: Toa taarifa

New Jersey inataka umwagikaji uripotiwe mara moja kwenye simu ya dharura ya idara ya mazingira ya jimbo. Utapewa namba ya kesi, iandike. Bomba likivuja nako ni kumwagika, usijifariji kwamba tangi ni zima. Sheria ya shirikisho ya matangi ya chini haigusi tangi la kupashia joto nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo fuata ya jimbo lako: Massachusetts, kwa mfano, inataka uripoti ndani ya saa 2 zikimwagika galoni 10 na kuendelea.

Hatua ya 5: Bima kabla ya koleo

Waandikie kabla ya kuchimba. Bima nyingi za nyumba zinakataa uchafuzi ndani ya kiwanja chako, lakini soma sehemu ya dhima, yaani ya madhara unayowasababishia wengine: mafuta yakifika kwa jirani au kwenye maji ya ardhini, hesabu inaweza kubadilika.

Hatua ya 6: Kuchimba

Piga simu namba 811, ya kuomba mabomba na nyaya za chini ya ardhi zionyeshwe kabla ya kuchimba, waje kuweka alama za gesi na umeme, ni bure. Chukua kibali cha manispaa. Mkaguzi alione shimo kabla halijafukiwa. Wapo watakaokushauri tangi lijazwe povu na kuachwa humo humo kwa bei nafuu. Mimi siafiki, kwa sababu udongo wa chini yake hutauona, na atakayenunua nyumba atataka kuuona.

Hatua ya 7: Udongo

Anayechukua sampuli asiwe yule anayelipwa kwa kila tani ya udongo inayobebwa. Picha zipigwe na rula ikiwa ndani ya shimo, na sampuli zichukuliwe pia kwenye njia ya mabomba, si chini ya tangi peke yake. Kwa dada, chini ya tangi palikuwa safi. Udongo mweusi ulikuwa futi 3 kutoka ukuta wa nyumba, chini ya kiungo kimoja cha shaba. Sasa anasubiri barua ya jimbo ya kufunga kesi, na boila inakula kwenye tangi la muda lililosimama pembeni ya vibaraza vya jirani, ambaye ameshauliza mara mbili litaondoka lini.