Kompyuta kuukuu ya ofisi iwe mashine ya gemu za zamani: mambo ya kuangalia ukiwa Tanga

Kompyuta za ofisi zilizochoka zinatosha kabisa kwa gemu za Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza. Tafuta yenye Core i3 ya kizazi cha pili au zaidi na rami ya GB 4. Kadi ya picha ya kuongeza haihitajiki. Programu ya kuweka ni Lakka: Linux ndogo inayowaka moja kwa moja ndani ya RetroArch, programu inayoendesha emuleta (programu zinazoiga mashine za zamani za gemu). Lakka na RetroArch zote mbili ni programu huria. Kwa Tanga, kazi kubwa iko kwenye chumvi ya bahari na umeme unaokatika. Gemu zenyewe ni sehemu nyepesi.

Anza na chumvi. Mashine iliyokaa Raskazone au popote upepo wa kusi unapoingia dirishani, ifungue kabla ya kuiwasha. Chomoa rami utazame meno yake ya dhahabu. Yakiwa na ukungu au madoa ya kijani, yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa mwanafunzi, pangusa kwa spiriti, subiri yakauke, kisha rudisha mpaka vibanio viingie "tak". Mashine inayopiga honi bila kuonyesha picha mara nyingi inapona hapo. Badilisha na betri ya saa, CR2032 ya volti 3. Ikifa, umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe na mpangilio wa kuwaka, na kesho yake utadhani Lakka imeharibika.

Sasa flashi, GB 8 inatosha. Pakua Lakka ya Generic x86_64 (toleo la kompyuta za kawaida za biti 64), kisha iandike kwa balenaEtcher au Rufus. Usilinakili faili kama unavyonakili wimbo, flashi haitawaka. Chomeka, washa, bonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo au F9 kwenye HP, chagua flashi. Isipoonekana, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uzime Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka. Ijaribu kwanza bila kuisakinisha. Ukiamua kusakinisha, kumbuka inafuta diski yote, pamoja na hesabu za ofisi zilizosahaulika humo.

Gemu hupitishwa kwa mtandao wa ndani. Washa Samba (huduma ya kushirikiana mafaili) kwenye "Services", mashine itaonekana kwenye kompyuta nyingine kwa jina LAKKA. Gemu ziweke kwenye folda ya roms, faili za BIOS za mashine za gemu (programu zao za kuwakia, si BIOS ya kompyuta) kwenye system. Gemu za CD zina faili mbili, bin na cue. Cue ni karatasi ndogo ya maandishi inayotaja jina la bin, hivyo ukibadilisha jina la bin peke yake utapata kioo cheusi. Dawa ni kuziunganisha kwa chdman, programu ya kuandikia amri:

chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd

Inabaki faili moja, nayo ni ndogo zaidi. Kwa PlayStation, emuleta ya PCSX ReARMed inaweza kwenda bila BIOS, ila baadhi ya gemu zitagoma. Na gemu isipojitokeza kwenye orodha baada ya kuchanganua folda, usiitupe. Uchanganuzi wa kawaida unalinganisha faili na hifadhidata ya gemu zinazojulikana, na gemu mpya za wapenzi hazimo. Tumia "Manual Scan".

Hapa kwenye umeme ndipo watu wanapolia. RetroArch kwa kawaida huandika kumbukumbu ya gemu kwenye diski pale unapofunga gemu. Mtoto akihifadhi ndani ya gemu saa nne, umeme ukakatika saa tano gemu ikiwa bado wazi, hifadhi yake haipo. Nenda "Settings", kisha "Saving", tafuta "SaveRAM Autosave Interval" uweke sekunde 10. Mipangilio yenyewe ina tabia hiyohiyo: inaandikwa ukitoka vizuri. Kila ukibadilisha kitu, ingia "Configuration File" uchague kuhifadhi papo hapo, la sivyo giza likiingia utapanga padi upya. Picha za hali ya gemu, zile za F2 kuhifadhi na F4 kurudisha, ni nzuri kwa kuvuka sehemu ngumu, lakini usizitegemee peke yake. Ukibadilisha emuleta, au ikipata toleo jipya, zinaweza kukataa kufunguka.

Kompyuta nyingi za ofisi hazina tundu la HDMI. Zina VGA na DisplayPort. VGA haibebi sauti, kwa hiyo utahitaji waya wa spika. Kwa TV ya chogo, kile kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa nyaya tatu za rangi kina swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Jaribu NTSC kwanza, kwa sababu gemu za Japani na Marekani zinakwenda karibu picha 60 kwa sekunde, na PAL ya 50 inazifanya zikwamekwame. Picha ikitoka bila rangi au ikizunguka, TV yako haiipokei, rudi PAL uvumilie. Kwenye TV bapa, washa hali ya gemu. Padi ikiendelea kuchelewa, weka "Run-Ahead" fremu 1, inapunguza kama milisekunde 16. Sauti ikikwaruza, pandisha ucheleweshaji wa sauti kutoka milisekunde 64 hadi 96.

Kwa mwenye banda la gemu pale Ngamiani anayetoza kwa mchezo, soma leseni. RetroArch iko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 3, haina shida. Lakini Snes9x (ya Super Nintendo) na Genesis Plus GX (ya Sega), emuleta ambazo karibu kila mwongozo unazisifu, leseni zao zinakataza matumizi ya biashara. Nyumbani ruksa, bandani hapana. Badala yake tumia bsnes kwa Super Nintendo (ikikwama, kuna bsnes-mercury Performance, nyepesi zaidi) na BlastEm kwa Sega. FCEUmm (ya NES, yaani Nintendo ya kwanza) na mGBA (ya Game Boy Advance) zinaruhusu. Gemu nazo zina wenyewe: kupakua ya kampuni kisha kuichezesha kwa pesa ni kosa hata kama ina miaka 30. Nova the Squirrel ya NES ni huria kabisa, na Freedoom, gemu huria ya mtindo wa Doom, inachezeka ndani ya PrBoom iliyomo RetroArch. Zote mbili unaweza kuzinakili, kuzichezesha na hata kuzigawa kwa wateja kwenye flashi zao.