Somo: mtoto karudi nyumbani baada ya operesheni ya kifafa, sasa nyinyi mwaishi vipi?

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Niliahidi tangu wiki ilopita ntaandika hili somo, nimechelewa mnisamehe. Mimi si daktari wala nesi, ni mama wa Kisauni, Mombasa, kijana wangu alipasuliwa kichwa Nairobi akiwa na miaka tisa, upande wa kushoto, wakatoa kovu lililokuwa limekaa ubongoni tangu lile degedege refu alopata na homa akiwa wa mwaka na nusu. Sasa yapata mwaka na miezi minane. Hospitali watakufundisha kidonda na dawa, na hayo uyashike sana. Lakini nyumba hakuna anayekufundisha, na kwetu sisi nyumba ndo ilichelewa kupona kuliko kichwa.

Kwa wageni: hii operesheni si ya kila mwenye kifafa. Wengi hutulia na dawa. Kama theluthi moja hivi hawatulii, na dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikapewa dozi ya kutosha zikishindwa, ndo madaktari wasema hiki ni kifafa sugu, mtoto akaangaliwe kama kuna mahali pamoja kichwani panapoanzisha. Hapo ndo MRI (picha ya ndani ya ubongo) na EEG ya video (kupima umeme wa ubongo huku mtoto yuarekodiwa) zaingia. Kwa hivyo usikimbilie, lakini usikae miaka sita ukibadilisha tembe kama mimi.

Hatua ya 1: Kabla hamjapanda treni

Usitoke wodini bila karatasi unayoweza kuisoma. Sisi tulitolewa Ijumaa jioni na karatasi ya mwandiko wa haraka, kufika Jumapili sijui kama ile dawa ya uvimbe naikata ama naipunguza kidogo kidogo, na ile haikatwi ghafla, hupunguzwa. Nimepiga simu mpaka usiku. Kaa na nesi pale kitandani uandike mwenyewe kwa mkono wako: dawa gani, saa ngapi, inaisha lini, pini zatolewa lini, na usiku nimpigie nani.

Safari tulingoja wiki tatu kwa khalati yake South B tukarudi na SGR, basi la usiku nililikataa, matuta na mtoto alopasuliwa kichwa haviendani. Ndege mwachie daktari aseme, kwa sababu hewa kidogo hubaki ndani ya fuvu baada ya kupasuliwa na ni yeye anayejua kama imeisha.

Hatua ya 2: Wiki za mwanzo

Jicho la upande ulopasuliwa huvimba, siku ya pili na ya tatu laweza kufunga kabisa. Mimi nililia, hakuna alonambia. Likashuka lenyewe ndani ya wiki. Taya nalo huuma kwa sababu ule msuli wa kutafunia uko pale pale walipokata, kwa hivyo kijana alikula uji, viazi vya kuponda, mbaazi za nazi zilolainika, na mahamri ya kuchovya chai mpaka yalegee. Alafu anaweza kukwambia kichwa chalia tik tik ama kama maji yanapita, ni mfupa unaojishika, na ile hewa na maji ya ndani yanayonyonywa, usimcheke wala usimtishe. Choo hukauka kwa dawa za maumivu, mpe maji na papai. Na usingizi, jamani, usingizi! Anaamka, anakula, analala tena. Ubongo wapumzika, mwache.

Lakini haya hayangojwi mpaka asubuhi: homa, shingo kukaza, kidonda kutoa usaha ama maji yasiyo na rangi, kutapika kusikoisha, kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, mtoto kuwa mgumu kuamka, ama mkono, mguu au maneno kulegea ghafla. Tuktuk, hospitali, saa hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Dawa haziachwi

Hapa ndo watu wengi huanguka. Mtoto kakaa mwezi hajaanguka, mama asema alhamdulillah amepona, tembe zatiwa kabatini. La. Dawa huendelea miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na akizipunguza ni daktari si wewe. Kingine cha huku kwetu pwani, unyevu. Tembe za carbamazepine, moja ya dawa za kifafa, zikikaa mahali penye unyevu hukauka ngumu na nguvu yake yaweza kupungua hata theluthi. Nilikuwa natoa tembe za wiki nzima naziweka kwenye kisahani karibu na birika, kumbe naziharibu mwenyewe. Ziache kwenye chupa yake, kifuniko kimekaza, mbali na jiko na hamamu. Na kama yuwatumia levetiracetam, dawa nyingine ya kifafa, na amekuwa mkali, alia ovyo, arusha vitu, usimpige, ni dawa inayojulikana kwa hilo, mwambie daktari.

Hatua ya 4: Jamaa waambiwe neno moja

Walochanga pesa za operesheni watauliza "amepona?" na wana haki ya kuuliza, wametoa. Lakini kila simu nikawa najieleza upya, huyu namwambia amepona, yule namwambia bado, na mtoto yuwasikia yote. Siku moja akaniuliza, "Mama, mimi nikianguka tena watu watataka pesa zao?" Nilikaa chini palepale jikoni na mwiko mkononi. Tangu hapo tulikubaliana mimi na babake neno ni moja, "Yuwaendelea vizuri, dawa bado, tuombeeni," hakuna zaidi, na mtoto mwenyewe alifundishwa hilo hilo.

Hatua ya 5: Ndugu zake

Dadake ana miaka kumi na tatu. Tangu ana miaka sita kazi yake ilikuwa kumshika mkono akivuka barabara, kukimbia kuniita, kumlaza ubavu, kumfuta mate, kuwaeleza watoto wa darasa lake kwamba si nyuni wala si jini. Hakuwahi kulalamika. Nikawa nasema mashaallah huyu binti ni mtulivu.

Mwezi wa pili baada ya operesheni, siku ya Ijumaa, pilau la kuku, nikachukua paja nikamwekea kijana kama kawaida. Binti akasukuma sahani yake katikati ya mkeka akasema, "Sasa si amepona? Kwani mimi lini?" Babake akamkemea. Mimi nikanyamaza kwa sababu niliona ni kweli, karibu miaka sita huyu mtoto hajaona paja la kuku, na paja silo alilokuwa akililia.

Kwa hivyo ndugu zake wasingoje mpaka wapasuke. Sisi Jumamosi asubuhi ikawa ni ya binti na mimi tu, twaenda Kongowea sokoni, twanunua vitu, twala viazi karai, kaka yake yuko na baba. Na nilimwambia waziwazi, kumlinda kaka yako si kazi yako tena, ilikuwa yetu tukakubebesha, nisamehe. Alilia sana. Alafu ikawa shida nyingine, ile kazi alipoiacha akawa hajui afanye nini, bado yuwaamka usiku kumwangalia. Hilo nalo litachukua muda, usimwambie "acha" tu.

Na yule alopasuliwa naye ana lake. Amezoea kila mtu akimhudumia, ghafla aambiwa toa sahani yako, osha kikombe. Kijana wangu alikasirika kweli, akaniambia nilikuwa nampenda zaidi akiwa mgonjwa. Tulianza na kazi moja, kulisha kuku asubuhi. Moja tu.

Hatua ya 6: Leso

Miaka sita nimelala na leso imefungwa, ncha moja mguuni kwake, ncha moja mkononi kwangu. Akianza kutikisika naamka. Babake alikuwa yualala sebuleni, tukawa mume na mke wa mchana. Baada ya operesheni daktari alisema anaendelea vizuri, mimi nikarudi nikaifunga ile leso vilevile.

Kuifungua tulifanya hivi. Kwanza leso ikatoka lakini kitanda kikabaki palepale. Wiki mbili. Alafu godoro lake likasogezwa ukutani. Alafu akahamia chumba cha watoto, mlango wazi, mimi koridoni. Usiku wa kwanza nilisikiza mpaka adhana ya alfajiri, feni yazunguka, mbu, yeye akoroma. Hakuna kilichotokea. Usiku wa tatu nikalala bila kujua. Kila hatua tulimuuliza daktari kwanza, nanyi ulizeni, maana mtoto ambaye bado yuaanguka usiku habari yake ni nyingine.

Kuoga ni vivyo hivyo. Ndoo na kata, si beseni la kujaa, mlango umerudishwa tu bila komeo, na aimbe. Akinyamaza nauliza. Jiko la makaa na maji ya moto asisogee mpaka muda mrefu upite.

Hatua ya 7: Shule

Sisi alirudi wiki ya saba, nusu siku, mpaka saa nne, alafu polepole. Ongea na ticha kabla. Aliyepasuliwa upande wa kushoto anaweza kuwa yuwalijua jambo lakini jina lake halimjii, asema "kile kitu cha kuandikia," apewe muda, asichekwe. Na wengine hupoteza kidogo kuona kona ya juu ya upande wa pili, kwa hivyo barabarani afundishwe kugeuza kichwa chote. Mpira wa miguu alingoja miezi, daktari ndo alotoa ruhusa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Likoni: Shukran dada. Wangu ana wiki ya kwanza tu tangu apasuliwe na ameanguka mara mbili hukohuko wodini. Nimevunjika moyo, ina maana pesa zimeenda bure?

Jibu: Pole sana mamangu. Hapana. Wiki ya kwanza ubongo umevimba na umekasirika, kuanguka siku hizo hakumaanishi operesheni imeshindwa. Wangu alianguka siku ya nne. Waambie madaktari kila mara, andika saa, lakini usijitolee hukumu sasa.

Baba wa mapacha, Mikindani: Tumeambiwa kijana wetu anafaa kwa operesheni ila nyanya yake amekataa kabisa, asema kichwa hakifunguliwi. Kuna ushahidi wowote wa kumwonyesha?

Jibu: Baba mapacha, mwambie kuna utafiti wa Delhi, India, ulitoka 2017, watoto 116 wa kifafa sugu. Walopasuliwa, baada ya mwaka asilimia 77 hawakuanguka tena, walobaki na dawa peke yake ni asilimia 7. Lakini mueleze na upande wa pili, asije akasema mlimdanganya: kulikuwa na watoto walopata madhara, kama mkono au mguu kulegea, kulingana na mahali palipokatwa. Mchukueni nyanya aende nanyi kliniki akamuulize daktari mwenyewe. Mamangu mimi alikubali siku alipoonyeshwa lile kovu kwenye picha, akasema "kumbe ni kidonda."

Mama wa Majengo: Mamamkwe ataka kumpaka habasoda na mafuta ya kombe kwenye kidonda, na amvalishe hirizi. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?

Jibu: Kidonda kisiguswe na chochote mpaka kifunge na daktari aseme. Mwambie kwa adabu, "Mama, tusomee, dua hatuachi, ila kidonda daktari amekataza mafuta yote." Hivyo ndivyo tulivyofanya, akawa yualeta yasini kila Alhamisi, moyo wake ukatulia. Muhimu dua isichukue nafasi ya tembe.

Kaka wa Tudor: Binti yetu wa miaka kumi na mbili, miezi mitano tangu operesheni, haanguki tena lakini bado asema "tumbo lapanda" kama zamani kabla hajaanguka. Tupuuze?

Jibu: Usipuuze kaka. Hilo la tumbo kupanda ni kifafa kidogo chenyewe, kinaishia hapo tu. Andika tarehe na saa, alikuwa yuafanya nini, alilala saa ngapi, dozi ilipita? Mpelekee daktari hiyo orodha. Na binti asifichwe wala asigombezwe akisema, maana akiona mwahuzunika ataanza kuficha.

Ticha, Changamwe: Akianguka darasani sisi walimu tufanye nini hasa? Wengine watia kijiko mdomoni.

Jibu: Ahsante ticha kwa kuuliza. Kijiko hapana, kiatu cha kunusa hapana, kitunguu hapana, maji hapana. Angalia saa. Ondoa madawati, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, mgeuze ubavu, usimkandamize. Kifafa kikipita dakika tano, ama kikirudi kabla hajapata fahamu, hospitali. Akiamka awe na mtu mmoja karibu, si darasa zima.

Mama wa Bamburi: Ramadhani yaja na wangu wa miaka kumi na moja ataka kufunga kama wenzake, asema amepona. Na wataka kwenda kuogelea ufuo wa Pirates siku ya Idi.

Jibu: Mtoto bado hajalazimika kufunga, na mgonjwa Qurani yenyewe kwenye Baqara imempa ruhusa. Tatizo si njaa tu, usingizi wakatika kwa daku na saa za dawa zaruka, na vitu hivyo viwili ndo huamsha kifafa. Muulize daktari kabla mwezi kuandama. Wangu alipewa kazi ya kupeleka sahani za futari kwa majirani, akajiona yumo. Bahari mpaka daktari aruhusu, na hata hapo ni mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, yuko naye majini mkono waweza kumfikia, si kukaa ufukoni na simu.

Binti wa Kisauni, miaka 15: Samahani si mzazi. Ndugu yangu alipasuliwa mwaka jana, haanguki tena, lakini bado nalala naye chumba kimoja nimwangalie na niko na mtihani. Nikisema wataona simpendi.

Jibu: Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza. Muombe mamako mkae nyinyi wawili tu, si mbele ya watu, umwambie hivi hivi ulivyoandika, na umuulize kama mwaweza kuanza na usiku mbili kwa wiki ulale kwengine, yeye ama baba ashike zamu. Ukiona maneno hayatoki muonyeshe hili somo, hatua ya tano. Na akitaka kuongea na mimi aniandikie, hata usiku, mimi bado usingizi wangu ni mwepesi.